Sarafu za Kilwa kwenye mchanga wa Australia

Sarafu ya shaba ya Kilwa haina mwaka. Ni kidude chembamba chenye upana wa sentimita 2 hivi, chepesi kiasi kwamba mtu anaweza kukifumbata kiganjani akasahau kuwa amekishika. Upande mmoja limechorwa jina la sultani kwa herufi za Kiarabu. Upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na sentensi iliyoanzia upande wa kwanza haikamiliki mpaka sarafu igeuzwe. Pande zote mbili huishia kwa kina kimoja, kama mishororo miwili ya shairi. Jina la mji halimo, wala tarehe. Mafundi wa Kilwa hawakuona haja ya kuviandika, kwa kuwa aliyeipokea sokoni alijua fika imetoka wapi na imetolewa na nani.

Pengo hilo limewaumiza vichwa watafiti kwa miaka mingi sasa. Sarafu tano za namna hiyo ziliokotwa ufukweni mwa kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka Kilwa Kisiwani. Hakuna anayejua zilifikaje huko, wala lini, wala mikononi mwa nani.

Aliyeziokota alikuwa mwanajeshi. Mwaka 1944 Maurie Isenberg alikuwa akitumikia jeshi la anga la Australia kama mwendesha rada, na kikosi chake kilipangwa kisiwa cha Marchinbar, kikubwa kuliko vingine katika safu ya visiwa vya Wessel. Safu hiyo inachomoza baharini kutoka pwani ya Arnhem Land kuelekea kaskazini mashariki. Miaka miwili kabla, Februari 1942, ndege za Japani zilikuwa zimeushambulia mji wa Darwin kwa mabomu, na tangu hapo serikali ya Australia ilihofia kila ndege iliyotokea upande wa kaskazini. Ndiyo maana vijana walipelekwa kwenye visiwa vilivyokuwa karibu vitupu, wakakaa na mitambo yao wakilinda anga.

Siku nyingi za kazi hiyo hazikuwa na la kufanya. Isenberg akawa anakwenda kuvua samaki. Siku moja, akiwa na ndoana yake ufukweni mwa ghuba ya Jensen, aliona vipande vya metali mchangani. Akaviokota, akakuta ni sarafu tisa zilizochakaa, akazitia kwenye kopo. Vita vikaisha, akarudi nyumbani na kopo lake, na maisha yakaendelea.

Ilichukua miaka 35 hadi azitoe. Mwaka 1979 alizipeleka kwa wataalamu ili ajue alichokuwa amekihifadhi. Nne hazikuwa na utata mkubwa: zilikuwa za Uholanzi, za zama za Kampuni ya India Mashariki, ya zamani zaidi ikiwa ya mwaka 1690 na nyingine zikifika miaka ya 1780. Meli za Waholanzi zilizunguka bahari zile kwa karne mbili, kwa hiyo kuonekana kwa fedha yao kaskazini mwa Australia si jambo la kustaajabisha. Tano zilizobaki zilikuwa za masultani wa Kilwa, mji uliofikia kilele chake karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuandika kwamba ameiona Australia.

Kwa msomaji wa Pwani jina la Kilwa halihitaji maelezo marefu, ila inafaa kukumbuka ulikuwa mji wa namna gani. Kati ya karne ya 12 na ya 15 dhahabu iliyotoka bara, nyuma ya Sofala katika Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wake kabla ya kwenda Uarabuni na India. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika, akauhesabu miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Sultani huyo ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari, linahusishwa na utawala wake. Jina lake pia limo kwenye sarafu.

Hapa ndipo fumbo linapoanza kukaza. Kilwa ilijenga misikiti ya mawe, ikasafirisha dhahabu na pembe za ndovu, ikanunua vyombo vya China na nguo za Gujarati. Lakini sarafu zake za shaba hazikuwa fedha za kusafiri nazo. Biashara kubwa ilifanywa kwa dhahabu ya kupimwa kwenye mizani, kwa vitambaa, kwa shanga. Shaba ilikuwa ya matumizi madogo ya nyumbani, na ndiyo maana sarafu hizo zimepatikana kwa wingi Kilwa kwenyewe, Songo Mnara, Mafia na visiwa vya jirani, kisha zinakuwa adimu kabisa mtu akitoka nje ya eneo hilo. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, huko huko dhahabu ilikotokea. Nyingine imeonekana Oman. Zaidi ya hapo, orodha inaruka moja kwa moja hadi Marchinbar, na huko hazikuonekana moja wala mbili bali tano mahali pamoja.

Nani abebe chenji ya shaba kuvuka bahari nzima, mahali ambapo hakuna duka litakaloipokea?

Wapo wanaojibu kwa moyo mweupe kwamba aliyezibeba alikuwa Mswahili mwenyewe. Jibu hilo linapendeza, na si la kupuuzwa. Watu wa Pwani hawakuwa wakisubiri wageni tu walete jahazi. Mitepe iliyoshonwa kwa kamba za minazi, bila msumari hata mmoja, ilisafiri kwa pepo za kusi na kaskazi, na nahodha wa Kilwa alijua tangu utotoni ni mwezi gani atatweka tanga na ni mwezi gani atafunga nanga akingoja upepo ugeuke. Tena, Mreno Tomé Pires, aliyekaa Malaka kuanzia mwaka 1512, aliandika orodha ya watu waliofanya biashara katika bandari ile, na ndani ya orodha hiyo wamo watu wa Kilwa na Malindi pamoja na wa Cairo, Makka na Hormuz. Kwa hiyo ni jambo lililoandikwa, si la kubahatisha: watu wa Kilwa walijulikana Malaka, katika mlango bahari unaotenganisha Sumatra na rasi ya Malaya, kabla ya Wareno kuuteka mji ule mwaka 1511.

Kutoka Malaka, bidhaa na watu walitawanyika katika visiwa vya Indonesia. Karafuu zilitoka Maluku, msandali ulitoka Timor, na Timor imetengana na Australia kwa bahari ya kilomita 500 hivi tu. Kwa hesabu za ramani, basi, Mswahili aliyefika Malaka alikuwa amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya safari.

Lakini ramani haitoi ushahidi. Kama jahazi la Kilwa lilifika Wessel na wafanyabiashara wake, lingeacha zaidi ya sarafu tano. Lingeacha vigae vya mitungi, shanga, kipande cha nanga, jiko la mawe. Vyungu vya Pwani vina nakshi zake na vinatambulika. Hadi sasa hakuna kigae cha aina hiyo kilichotolewa ardhini kaskazini mwa Australia, na bila hicho dai la ziara ya moja kwa moja linabaki kusimama kwa mguu mmoja.

Wareno wana nafasi yao katika hadithi hii, na ni nafasi ya huzuni. Julai 1505 Francisco de Almeida aliingia Kilwa na meli zake, watu wake wakaupora mji, sultani Ibrahim akakimbia, na mtu mwingine akakalishwa kitini chini ya ulinzi wa mizinga. Wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaiacha na kuondoka, lakini kufikia hapo wenzao walikuwa wameshaiteka Goa na Malaka, na ndani ya miaka michache meli zao zilikuwa zikitia nanga Timor. Baharia aliyeokota gunia la sarafu katika nyumba iliyovunjwa mlango Kilwa angeweza, ndani ya muda mfupi tu, kujikuta ukingoni mwa bahari ya Arafura, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1977 mwandishi Kenneth McIntyre alichapisha kitabu kikidai kwamba Wareno waliichora pwani ya Australia kwa siri katika karne ya 16. Dai lake limepingwa vikali na wengi, ila hata wapinzani wake hawakatai kwamba Wareno walikuwa karibu mno.

Sarafu za Uholanzi ndizo zinazovuruga nadharia hizi zote. Ikiwa zote tisa zilianguka siku moja, kutoka mfuko mmoja, basi siku hiyo haiwezi kuwa kabla ya miaka ya 1780, kwa kuwa sarafu haiwezi kupotea kabla ya kutengenezwa. Kufikia wakati huo usultani wa Kilwa wa akina al-Hasan ulikuwa umeshakufa karne kadhaa nyuma. Na ikiwa zilianguka kwa nyakati tofauti, ni bahati ya aina gani iliyozikutanisha kwenye ufuko mmoja wa kisiwa kisicho na bandari? Waandishi wengi wa magazeti waliosimulia habari hii wamezipita sarafu za Uholanzi haraka haraka ili wafike kwenye zile za Kilwa. Hilo ni kosa. Mwaka unaosomeka kwenye sarafu zile nne ni kitu pekee chenye tarehe katika kopo zima la Isenberg, na msomaji makini angeanzia hapo.

Mtu akianzia hapo, macho yanageuka kuelekea Makassar.

Mji huo uko kusini mwa kisiwa cha Sulawesi. Kila mwaka, upepo wa kaskazini magharibi ulipoanza kuvuma mwezi Desemba, mashua zake ziliteremka hadi pwani ya Arnhem Land kutafuta majongoo ya bahari. Mvuvi wa Mafia au Pemba anaijua kazi hiyo: kiumbe laini wa sakafu ya bahari anaokotwa, anatumbuliwa, anachemshwa, anakaushwa, kisha anauzwa kwa wanunuzi wa China. Watu wa Makassar walijenga majiko ya mawe kwa mstari kando ya ufuko, wakaweka masufuria makubwa juu yake, wakakaa miezi kadhaa wakivua na kubadilishana vitu na Wayolngu, wenyeji wa asili wa pwani ile. Upepo ulipogeuka walirudi kwao. Mbegu za ukwaju walizozila zikaota, na mikwaju bado inaonyesha mahali kambi zilipokuwa. Februari 1803 Matthew Flinders, akiizunguka Australia kwa meli ya Kiingereza, alikutana na mashua sita za namna hiyo zikiongozwa na mzee aliyeitwa Pobassoo. Mzee akamwambia kuwa msafara mzima ulikuwa na mashua 60 na watu 1,000, na kwamba yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, yapata miaka 20 nyuma.

Miaka 20 kabla ya 1803 ni miaka ya 1780. Ndiyo miaka ya sarafu ya mwisho ya Kiholanzi.

Inawezekana Pobassoo alijisifu kidogo, kwa maana katika mapango ya Arnhem Land kuna michoro ya mashua za Kusini Mashariki mwa Asia, na mmojawapo umethibitishwa kuwa ulichorwa kabla ya mwaka 1664. Hata hivyo, jibu rahisi kwa nusu ya fumbo liko mezani. Shaba ndogo ndogo za Kampuni ya Uholanzi zilikuwa fedha ya kila siku katika visiwa vya Indonesia. Mvuvi wa Makassar alikuwa nazo kibindoni kama kawaida. Akatua Marchinbar, akapumzika, mfuko ukachanika au ukasahaulika.

Nusu ya pili ya fumbo ni ngumu zaidi: mvuvi huyo alipata wapi sarafu za Kilwa? Njia zipo zaidi ya moja. Waholanzi walipowanyang'anya Wareno mji wa Malaka mwaka 1641, wafanyabiashara wengi wa Kireno walihamia Makassar, wakakaa huko hadi Waholanzi walipoufikia mji huo nao katika miaka ya 1660. Walihama na mali zao, na walihama na watu wao pia, wakiwemo Waafrika. Jambo hili husahaulika mara kwa mara. Meli za Kireno za Goa, Malaka na Macau zilijaa mabaharia, askari na watumwa waliotolewa pwani ya Afrika Mashariki. Watu hao hawakuandikwa majina, lakini walikuwa na mikono, na mikono hubeba vitu.

Walibeba nini? Utafiti wa Songo Mnara, mji wa mawe ulio karibu na Kilwa Kisiwani, unatoa dokezo zuri. Kuanzia mwaka 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichimba huko, wakapata sarafu za shaba kwa mamia. Baadhi hazikuwa sokoni wala ndani ya nyumba. Zilikuwa makaburini, zimelazwa kama zawadi au kumbukumbu kwa marehemu. Yaani kipande kile cha shaba hakikuwa chenji tu. Kilibeba jina la mtawala na maneno ya kumtegemea Mungu. Mtu anayetolewa kwao kwa nguvu na kuingizwa melini hana nafasi ya kubeba mengi, na kitu kidogo chenye maneno ya Mungu, kinachofungika kwenye pindo la nguo au kuvaliwa shingoni, ndicho ambacho angekishika hadi mwisho. Haya ni makisio. Hakuna sarafu kati ya zile tano inayoweza kuyathibitisha. Lakini yanajibu lile swali la shaba isiyo na thamani ya biashara vizuri zaidi kuliko nadharia ya tajiri aliyekwenda kununua karafuu kwa chenji za nyumbani.

Njia nyingine haipewi uzito unaostahili, labda kwa sababu inapita katika karne ambayo wapenzi wa Kilwa ya dhahabu hawapendi kuitazama. Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana saini na sultani wa Kilwa mkataba wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Walipelekwa hasa Mauritius na Réunion, visiwa vilivyokuwa njia panda ya meli za Bahari ya Hindi, zikiwemo zile zilizoendelea hadi India na visiwa vya mashariki. Yaani katika miaka ile ile ambayo sarafu za Uholanzi za Isenberg zilikuwa zikitengenezwa, bandari ya Kilwa ilikuwa na shughuli, na watu wake walikuwa wakitawanywa baharini kwa maelfu. Masultani wa zamani walikuwa wamekufa, lakini shaba zao zilikuwa bado zimelala katika mchanga wa kisiwa. Hakuna haja ya kutafuta jahazi la karne ya 13. Meli ya mwaka 1785 ingetosha.

Bado linabaki jibu ambalo wapenda mafumbo hawataki kulisikia: kwamba sarafu zilifika karne ya 20. Wanajeshi wa Australia walisafiri sana wakati wa vita vya pili vya dunia, hasa Mashariki ya Kati, na miongoni mwao hakukosekana mtu anayekusanya fedha za kale. Mmoja angeweza kuziangusha. Au mtu angeweza kuziweka makusudi. Jibu hili lina haki ya kusikilizwa, lakini lina upungufu. Mwaka 1944 watu waliokuwa wanazijua sarafu za Kilwa duniani walikuwa wachache sana; John Walker wa British Museum alikuwa amechapisha utafiti wake juu yake miaka minane tu nyuma, katika jarida la wataalamu. Mdanganyifu angechagua kitu ambacho watu wangekitambua. Na mtu anayetaka kudanganya hazifungii sarafu koponi kwa miaka 35 bila kumwambia yeyote. Isenberg hakujenga jina wala utajiri juu ya sarafu hizo. Alionyesha mahali alipoziokota kwa alama ya msalaba kwenye ramani, akawaachia wengine.

Ramani hiyo ndiyo iliyomwongoza Ian McIntosh, mwanaanthropolojia Mwaustralia aliyekuwa akifundisha Indiana, Marekani. Kabla ya hapo aliishi muda mrefu na Wayolngu na kumsikiliza mzee wao David Burrumarra, mtu aliyejua historia ya watu wake kwa undani. Wayolngu wana masimulizi mengi ya wageni waliotoka baharini. Wanawataja Bayini, waliokuja kabla ya watu wa Makassar, wakijenga na kufuma nguo. Wanalo pia simulizi la pango katika visiwa vya Wessel lenye fedha na silaha za kale. Julai 2013 McIntosh aliongoza wataalamu pamoja na wenyeji hadi ghuba ya Jensen. Sarafu nyingine hawakuipata. Mchanga wa ufuko huhama kila msimu wa tufani, na miaka karibu 70 ilikuwa imepita.

Ndipo mwaka 2018 ikatokea habari nyingine. Mike Hermes, mwanaakiolojia wa kikundi kinachojiita Past Masters, alikuwa akipita na kifaa cha kutambua metali ufukweni mwa kisiwa cha Elcho, jirani na Wessel, akapata sarafu ya shaba iliyolika na kuwa bapa. Ukubwa na uzito wake ulikaribiana sana na wa sarafu za Kilwa. Picha zikasambaa duniani, vichwa vya habari vikatangaza kwamba historia ya Australia huenda ikaandikwa upya. Lakini kutu na chumvi vilikuwa vimeshafanya kazi yake. Hakukuwa na jina la sultani wala maneno ya kumtegemea Mungu yanayosomeka kwa uhakika. Shaba iliyofutika inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Vichwa vya habari vile vilirudia neno moja kila mara: ugunduzi. Nani aliigundua Australia, Mwingereza Cook wa mwaka 1770, Mholanzi Janszoon wa 1606, Mreno asiyejulikana, au sasa Mswahili wa Kilwa? Swali hilo linawadhulumu wenye nchi. Mababu wa Wayolngu waliishi katika bara hilo makumi ya maelfu ya miaka kabla ya chombo chochote kutweka tanga kuelekea kwao, na waliwapokea wageni, wakafanya nao biashara, wakawachora kwenye miamba. Heshima ya Kilwa haihitaji mtu wake awe wa kwanza popote.

Wanaotaka tahadhari katika madai ya namna hii hukumbusha habari ya kisanamu kilichookotwa Darwin. Mwaka 1879 wafanyakazi walikuta kisanamu kidogo cha Shou Lao, mungu wa Kichina wa maisha marefu, kikiwa katikati ya mizizi ya mti mkubwa. Kwa miaka mingi kilitajwa kuwa ushahidi kwamba meli za amiri wa China, Zheng He, zilifika Australia karne ya 15. Baadaye watafiti waliokichunguza walielekea kukubaliana kuwa ni cha karne nyingi baada ya Zheng He, na katika miaka ile ile kilipookotwa Darwin ilikuwa na Wachina wengi waliokuja kufanya kazi. Kisanamu hicho kinatunzwa na jumba la makumbusho la Powerhouse la Sydney, ambalo ndilo linalozitunza pia sarafu za Isenberg.

Kinachohitajika sasa kinaeleweka kwa kila mtafiti anayeufuatilia mkasa huu. Sarafu iliyookotwa juu ya mchanga inaonyesha ilipolala, lakini haisemi ilianza kulala lini. Ikipatikana nyingine chini ya ardhi, katika tabaka lisilovurugwa, pamoja na mkaa unaoweza kupimwa umri au kigae cha chungu kinachojulikana, mjadala utabadilika siku hiyo hiyo. Ikikutwa katika majivu ya jiko la jongoo bahari, mvuvi wa Makassar atakuwa ndiye aliyeileta. Ikiwa chini zaidi, pamoja na mabaki ya karne ya 14 au 15, itabidi watu wa Kilwa wa Malaka watazamwe upya kabisa. Ufukwe wa ghuba ya Jensen ni ardhi ya Wayolngu, na ruhusa ya kuchimba ni yao kuitoa. Upande wa pili wa bahari kazi nayo haijaisha: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, bado zina maeneo makubwa ambayo jembe la mwanaakiolojia halijayagusa, na sarafu za aina zile tano za Marchinbar zinaendelea kuchambuliwa ili ijulikane ni zipi zilitolewa wakati wa sultani aliyeandikwa jina, na ni zipi ziliendelea kutengenezwa kwa jina lake muda mrefu baada ya yeye kuzikwa.